Jina la Baba Mkwe Kwenye Kompyuta

"Silipigi! Jina la baba mkwe silipigi, hata mnitoe roho!" Selina alimfokea Rwekaza, mtaalamu wa kompyuta wa kiwanda cha samaki pale Nyakato. "Mashine gani hii isiyo na adabu?"

Mashine yenyewe ilimtambua mtu mmoja tu, Mzee Mihayo, mkuu wa mizani, na yeye alikuwa msibani Usagara. Kiti na neno lake la siri kamwachia Selina, mke wa mwanawe. Sasa kila ukiiwasha inadai jina na neno la siri. Usipoijazia, haikufungulii hesabu za sangara. Na meneja alikwishatamka: king'ora cha mchana kikilia hesabu hazimo, Selina anarudi meza ya minofu, kule barafu inakokula vidole.

"Dada, kuandika siyo kutamka."

"Kwenu Bukoba! Sisi Wasukuma baba mkwe hatajwi jina, na hata mkono una mdomo. Niandikishe jina langu."

"Ruhusa hiyo anayo fundi wa Dar, na simu hapokei."

"Basi lipige wewe."

"Umeme ukikatika mara kumi nije mara kumi? Nimekuwa houseboy wako?"

Hata hivyo alikaa, akatunga amri fupi ya mistari michache: Selina abonyeze S tu, amri yenyewe ipeleke jina na neno la siri. Selina akabonyeza. Hesabu zikafunguka, na juu ya kioo herufi nene: KARIBU MIHAYO.

"Yesu wangu!" Akavua kitambaa cha kichwa, akamfunika mkwewe pale kiooni, akaingiza sangara wote kabla ya king'ora.

Mzee aliporudi baada ya wiki, meneja alimngoja na karatasi mkononi. "Ulikuwa msibani au hapa? Humu umepima samaki wiki nzima! Huyu mkweo anaiba jina lako?"

Rwekaza, mwanamume mzima, akatazama viatu vyake. Selina akapiga magoti mlangoni, akaeleza yote.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Meneja, mwache hapohapo. Anayekataa kunitaja hata kazi ikimponyoka, ataniibia nini?" Akamgeukia Rwekaza. "Wewe ndiye uliyeliandika jina langu mbele ya mkwe wangu. Kwetu faini yake ni kuku."

"Mzee, mimi Mhaya!"

"Kuku hana kabila."

Jumamosi Rwekaza alionekana mtaani Igogo, jogoo kwapani, anauliza kwa Mzee Mihayo ni wapi. Selina alimpokea yule jogoo kwa mikono miwili, akamshukuru kwa heshima zote, kisha akakimbilia jikoni kucheka.