Vita Vilivyosomwa Kutoka Nyuma

Juzi nilifungua sanduku la marehemu mama, na harufu ya karatasi kuukuu ikanirejesha Maskati ya utotoni, tulipokuwa ndiyo kwanza tumetoka Unguja. Jirani alinipa kitabu cha picha cha Kimarekani, cha kundi la mashujaa waliovaa vinyago wakipigana vitani. Mama alijua kusoma Kiarabu tu, kwa hiyo alikifungua kutoka kulia kama msahafu, akaanzia ukurasa wa mwisho. Akanihadithia picha: mji uliokuwa ukiwaka ukazimika, nyumba zilizobomoka zikasimama, mashujaa wakavua vinyago wakaketi kwao kunywa kahawa.

“Umeona, mwanangu? Wote washarudi kwao.”

Mimi nilijua kuwa ule aliomalizia ni ukurasa wa kwanza, na vita havijaanza. Nikamwambia, “Nihadithie tena, mama.”