Mgongo wa Mama Mkwe

Umewahi kumtazama vizuri mtu anayekufulia nguo?

Usijibu haraka. Unamletea shati la jasho, unalifuata linanukia sabuni, unalipa, unageuka, unakwenda zako. Sura yake huikumbuki. Yeye lakini anakukumbuka, tena kwa nyuma, maana upande huo ndio unaomwonyesha kila siku. Dobi wa habari hii ameitazama migongo ya mtaa wake miaka nenda miaka rudi, na migongo hiyo ndiyo iliyomfanya akawa mfinyanzi.

Kazi yake huifanyia katika chumba cha mbele cha nyumba anamoishi. Meza ya kupigia pasi imetandikwa blanketi kuukuu, na juu yake shuka lenye alama za pasi zilizosahauliwa. Nguo zilizo tayari zinaning'inia kwenye kamba. Pembeni kuna boksi la soksi mayatima, zile zilizofuliwa zikapoteana na wenzao, na hakuna mteja aliyewahi kukiri kwamba ni zake. Chini ya meza kuna ndoo iliyofunikwa kitambaa kibichi. Wateja hudhani ni ndoo ya wanga wa kukazia kola. Ni ndoo ya udongo.

Dobi huanza kumjua mtu kwa nguo yake. Koti lililolika bega moja, mwenyewe hubeba mkoba mzito upande huo. Suruali iliyokwisha magotini ni ya fundi bomba, au ya mcha Mungu. Sketi inayong'aa nyuma ni ya karani. Halafu mwenye nguo anakuja, anachukua mzigo wake, anaondoka, na Dobi anamsindikiza kwa macho mpaka kona ya barabara. Pasi ikiwa inapata moto, mkono wake unashuka kwenye ndoo, unamega tonge, na vidole vinaanza kukumbuka. Vifaa vyake ni pini, kijiko kilichovunjika mpini, na kile kijiti cha plastiki kinachonyoosha kola ya shati. Mpaka jioni, karani yuko mezani, saizi ya kiganja, anatembea huku kiuno kikilalamika.

Visanamu vyake havina nyuso. Mahali pa uso pana duara laini kama yai, lakini jirani yeyote akikiona kimoja atakwambia ni nani. Aliwahi kuulizwa kwa nini hatii macho wala pua.

"Sura kila mtu anajitengenezea asubuhi kwenye kioo," akajibu. "Mgongo hauoni, kwa hiyo hana la kuufanya. Mgongo haujui kuongopa."

Kwenye njia panda ya mji huo kuna sanamu ya shaba ya bwana mmoja mwenye kofia, amenyoosha kidole, na hakuna aliye hai anayejua alikuwa anaonyesha nini. Ametengewa bustani, uzio na taa. Kila asubuhi mama mmoja mfagiaji hupanda ngazi kumpangusa kinyesi cha njiwa kwenye kofia. Nani aliwahi kumsimamishia mama yule hata jiwe? Serikali zinapita, madiwani wanapita, bado hajapatikana wa kujibu. Dobi hajibu maswali ya namna hiyo. Yeye alimfinyanga tu yule mama, na ngazi yake, na tambara lake. Akanunuliwa siku hiyo hiyo alipowekwa mezani.

Muuzaji ni mkewe. Dobi akiachiwa biashara ataishia kugawa bure, lakini mke ana mdomo unaoweza kumuuzia bubu tarumbeta. Anaweka meza ndogo nje ya mlango, anavipanga, anaanza:

"Shemeji, hebu mwone huyu! Si yule tarishi wetu wa posta, anayetembea utadhani kiatu kimoja amekiazima? Mchukue, akakae juu ya redio. Hali, hanywi, haombi nauli!"

Tanuri hawana. Vikishakauka kivulini, Dobi huvipeleka kwa rafiki yake fundi matofali, ambaye huvichomeka katikati ya matofali yake na kuvichoma kwa moto uleule. Kila kisanamu lazima kichimbwe ndani kwa kijiko na kitobolewe tundu chini, la sivyo hewa iliyojificha tumboni hukipasua, na kikipasuka huondoka na majirani zake. Na kuna utaratibu wa soksi. Kisanamu ambacho Dobi hataki kiuzwe hukivalisha soksi yatima. Fundi matofali hukivua soksi kabla ya moto, na kikitoka hukivalisha tena. Mke akifungua gunia, kilicho uchi kinakwenda mezani, kilichovaa kinakwenda kabatini. Siku zote hizo, utaratibu haujawahi kukosea.

Halafu akaja mama mkwe.

Alikuja kuuguza goti, kwa siku mbili tatu, alisema. Siku zikazaa wiki. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni maisha yake yote, akikoroga masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani, na ile sauti ya kuita watoto mia nne kula aliihamishia nyumba ya vyumba vitatu. Alilikamata jiko. Mjukuu wake wa kike akawa halali ila ubavuni kwake. Na ule udongo hakuupenda hata kidogo.

"Mkwe wangu," alizoea kusema akipita na ndoo ya maji, "mwanaume mzima, na ndevu hizo, unacheza tope?"

"Nacheza, Mama."

"Haya, cheza. Ukinichafulia sakafu utailamba."

Lakini kulikuwa na jambo moja. Siku ambazo Dobi alikwenda kupeleka nguo majumbani, akirudi jioni na baiskeli yake, alimkuta bibi huyo amesimama mlangoni. Mkono mmoja ameuegemeza kiunoni kwa nyuma, wa pili ameuweka juu ya macho kuzuia jua la jioni, anatazama barabarani. Akimwona tu, anageuka kuingia ndani na kufoka, "Umechelewa! Chakula kimekuwa mawe!"

Wewe labda utaona ni jambo dogo. Dobi alilelewa na shangazi wanne waliompokezana kama watu wanaozima moto wanavyopokezana ndoo. Walimlisha, walimvisha, Mungu awape kheri. Ila hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama mlangoni kumtazamia. Alizoea kufika mahali kama barua: ikija imekuja.

Basi akamfinyanga. Si alivyokuwa akitazama barabara, maana mkao huo hakuwahi kuuona wote. Akamfinyanga pale anapogeuka kuingia ndani kufoka. Mgongo umepinda, bega moja liko chini, mkono kiunoni. Alimfanya polepole kuliko wote, akamficha nyuma ya dumu la sabuni hadi akakauka. Akamchagulia soksi nzuri ya sufu, akampeleka tanurini.

Fundi matofali siku hiyo alikuwa na haraka, malori mawili yanamngoja. Alipotoa visanamu akaiona soksi, asikumbuke ilikuwa ya nani. Akaokota kimoja kilichoinama, akakivalisha. Kwake yeye, udongo ni udongo.

Jioni iliyofuata familia ilikuwa imekaa kula, mlango ukagongwa na kufunguka kwa pamoja. Ni mwuza vitunguu, jirani wa pili, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara. Kiganjani ameshika kitu.

"Mama, hodi! Njoo ujione! Nimekununua!"

"Umeninunua mimi?"

"Wewe hasa! Nilikuona mezani kwa binti yako, nikasema huyu haondoki na mtu mwingine. Angalia mkono huo kiunoni! Angalia bega! Nimecheka mpaka vitunguu vimenimwagika."

Mama mkwe alifuta mikono, akakipokea kisanamu. Akakitazama mbele, hakuna kitu. Akakigeuza. Akakaa akikitazama mgongoni mpaka mwuza vitunguu kicheko kikamwishia mdomoni chenyewe.

"Huyu kibyongo," akasema taratibu, "ndiye mimi?"

"Mama," Dobi akajikuta anasema, "huyo hakuwa wa kuuzwa."

"Kumbe nilikuwa wa kufichwa."

Akakirudisha mkononi mwa mwuza vitunguu kwa adabu kama anarudisha chenji. "Asante mwanangu. Umenilipia, nenda na mimi." Kisha akainuka, akajaribu kunyoosha mgongo, na wote wakaona alivyojaribu. "Kesho asubuhi narudi kwangu."

Jikoni, mume na mke walipambana kwa minong'ono.

"Umemfinyanga mama yangu bila hata kumwuliza!"

"Na wewe umemuuza."

"Nilijuaje? Soksi si ipo kabatini?" Mke akaivuta, akaikung'uta. Akatoka mlinzi wa duka la mikate, amesinzia juu ya rungu lake. Wakamtazama yule mlinzi. "Fundi matofali huyu!" mke akasema. "Yaani jana nimemsifia mama yangu mwenyewe kwa wateja. Nimesema, mwoneni bibi wa watu anavyongoja pensheni!"

"Na hukumtambua?"

"Ningemtambuaje? Mama yangu hajapinda hivyo, mama yangu ni..." Akachungulia ukumbini, mama yake alikuwa akipita na kanga zake mkononi kwenda kufunga mzigo. Akamtazama mpaka alipoingia chumbani. "Lini?" akauliza, machozi yakimlenga. "Lini amekuwa hivi, baba watoto, na mimi nipo humu humu?"

Dobi akaenda akasimama nje ya mlango wa chumba cha mama mkwe, akakohoa.

"Ingia au kohoa, usifanye vyote."

Aliingia, akachuchumaa karibu na mlango. Bibi alikuwa akikunja kanga moja kwa mara ya tatu.

"Mama, nisamehe. Ila nikueleze kitu cha kazi. Kisanamu kilichosimama wima kabisa hakidumu. Moto unakiangusha. Kile kilichoinama kidogo, kikajishika kiuno, ndicho kinachosimama mpaka..."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Ni kweli, Mama."

"Hata kama ni kweli. Mimi sikujua, mkwe wangu. Unanielewa? Nina kioo cha uso tu. Nilikuwa natembea barabarani najiona msichana mwenye goti bovu. Leo mwuza vitunguu ananiletea mgongo wangu mkononi, tena anacheka."

Dobi alitazama sakafu, ile aliyotishiwa kuilamba, akaona hana tena la kupoteza.

"Mimi nilikuwa nakitaka kile kikae karibu na pasi yangu," akasema. "Hakuna mtu aliyewahi kunisimamia mlangoni, Mama. Wewe ndiye wa kwanza. Nilijua ipo siku utarudi kwako, nikasema nibaki na mtu wa kunitazamia. Mgongo nimeufinyanga jinsi ninavyouona, kwa sababu ukiniona tu, unanigeuzia."

Mama mkwe aliweka kanga kwenye mkoba. Akaitoa. Akaiweka tena.

"Zima taa ya ukumbini ukitoka," akasema mwishowe. "Umeme hauokotwi."

Dobi akazima taa. Kabla ya kulala alimwambia mkewe kwamba ile ndoo ataimwaga, udongo basi, yasiongelewe tena mambo ya tope nyumba hiyo. Mke alimshika tu mkono, ambao kucha zake zilikuwa na udongo mwekundu usiotoka kwa sabuni yoyote, na hata yeye dobi alikuwa ameshindwa nao.

Asubuhi Dobi aliamka, akauona mkoba umesimama karibu na mlango wa nje, umefungwa kwa kamba. Chumba cha bibi kilikuwa kimetandikwa, hakuna mtu. Jikoni hakuna mtu. Akawaza: ameondoka bila mkoba, kwa hasira. Akakimbilia chumba cha mbele, akainama chini ya kamba ya nguo kuchukua baiskeli amfuate.

Bibi alikuwa ameketi kigodani katikati ya soksi mayatima, goti bovu amelinyoosha, ndoo ya udongo iko wazi. Mkono mmoja kijiti cha kola, mkono wa pili tonge kubwa kama la kulisha bweni zima. Alikuwa amefinyanga meza. Juu ya meza alikuwa amemfinyanga mtu ameinama, kitambi kinagusa pasi, matako bapa kama chapati, na mgongo! Mgongo ulipinda kuliko wa bibi kizee yeyote aliyewahi kupita mtaani hapo.

"Usinyooke," mama mkwe akasema, akimtupia jicho. "Kaa hivyo hivyo ulivyoinama kutafuta baiskeli. Nilikuwa nimekosa hapo kwenye kiuno."

Dobi akabaki ameinama.

"Mama, mimi nimepinda hivyo?"

"Kwani una kioo cha nyuma?"

Mlangoni mke alikuwa amesimama na mtoto, wameziba midomo kwa viganja. Dobi, bado ameinama, aliona kitu ambacho mfinyanzi hawezi kukinyamazia.

"Mama, udongo umejaa ndani. Usipomchimba na kumtoboa tundu, atapasuka tanurini."

"Utamtoboa wewe. Mimi sijui mkwe anatobolewa wapi. Anakauka kwa muda gani?"

"Wiki nzima. Kivulini."

"Wiki." Bibi alipima neno hilo, akaukandamiza mgongo wa yule mtu wa udongo kwa kidole gumba ukapinda zaidi kidogo. "Basi uondoe mkoba wangu pale mlangoni, watu watajikwaa."

Akainama kwenye boksi, akachakura, akatoa soksi moja ya sufu, akaivuta kwa mikono miwili juu ya kisanamu kuona kama itamtosha.