Wifi imekufa

Wifi yangu Nuru hakuwahi kugusa waya wa intaneti mpaka kaka yangu Kadiri alipofariki. Kila kitu chenye taa na waya kilikuwa cha Kadiri. Cha Nuru kilikuwa duka: vitenge, mitandio, sabuni, majani ya chai, na cherehani karibu na dirisha, huku Ulaya, kitongoji cha Saint-Josse, kwenye mtaa ambao hata mvua ikinyesha watu hawapungui. Nyuma ya duka kuna chumba kikubwa kinachotazama ua, na humo waliishi miaka kumi na minne. Kabla ya hapo Nuru alifanya usafi hospitalini Jette. Kabla ya hapo alikuwa kambini, mkimbizi, na kabla ya kambi alikuwa binti wa Buyenzi, Bujumbura, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Namfahamu tangu ana meno ya utoto. Si mtu wa maneno mengi, na baada ya msiba yale machache yakapungua.

Kadiri alifariki mwezi wa tano, siku ya Jumanne. Moyo. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Mama yetu yuko Buyenzi, ana miaka themanini na moja, hakuweza kuja. Binamu yetu Hamissi alishika simu makaburini ili mama aone mwanawe akizikwa. Walipoanza kumwaga udongo, picha ikasimama. Mama akabaki anatazama koleo moja iliyoganda hewani. Alikaa nayo dakika tano nzima, akidhani ndivyo tunavyozika huku Ulaya, kwa kusimama kimya.

Baadaye alisema neno moja tu: "Sikumwona akifunikwa."

Nuru alilisikia. Tangu siku hiyo alikuwa na nia moja, kwamba hitma ya arobaini isomwe mbele ya macho ya mama, tangu mwanzo hadi dua, bila kukatika.

Lakini intaneti ya nyumba ilianza kuugua papo hapo baada ya matanga. Inashika dakika kumi, inakata, inarudi, inakata. Simu zetu zenyewe hushika mlangoni mwa duka tu. Ukiingia chumba cha nyuma, kuta nene zinameza kila kitu, na dukani hakuna pa kukaa wasomaji kumi. Nilipiga simu kwa kampuni. Walisema fundi atakuja Alhamisi ya wiki inayofuata. Arobaini ilikuwa Jumapili. Isitoshe Nuru yuko eda, hatoki, na hapendi kukaa chumbani na mwanamume asiyemjua.

"Bon," akasema, "basi tutaitafuta wenyewe. Mimi nitakuwa kichwa, wewe miguu."

Jumamosi asubuhi nikaja kutoka Laeken. Nikamkuta ameandika nyuma ya kalenda ya Ramadhani saa zote ambazo mtandao ulikatika tangu alfajiri. Mara kumi na moja. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umelala?"

"Nililala jana."

Tukaanza na lile analolijua kila mtu: kuzima na kuwasha. Kadiri alikuwa akisema usiwashe upesi, uiache ipumue. Nuru hakuhesabu kwa vidole. Alichomoa modem, akashika tasbihi, akaizungusha yote taratibu mpaka punje ya mwisho, ndipo akaichomeka tena. Taa zikawaka moja moja. Tukangoja. Dakika ya tisa, ile taa ya mtandao ikaanza kupepesa, ikazimika.

"Labda ni majirani," nikasema. "Jengo zima lina hizi modem, zinagombania hewa."

"Labda. Lakini cherehani ikiruka nyuzi, wewe huanza kufungua mashine?"

"Mimi sijui cherehani."

"Unaanza na uzi. Halafu sindano. Mashine ni mwisho. Kimoja kimoja, usibadilishe viwili kwa mara moja, hutajua kipi kilikuwa kibovu. Nenda uninunulie waya mfupi wa kuunganisha kompyuta, ule wenye kichwa kama cha simu ya zamani."

Nikaenda, nikarudi. Tukaunganisha kompyuta na modem kwa waya, hewa ikawa haina kazi tena. Ikakata vilevile. Nuru akaandika saa.

"Donc, kumbe si hewa," akasema. "Majirani wako wasamehe. Ubovu uko kwenye modem yenyewe, au nyuma yake."

Nikaona nimpe mama habari, asije akakaa na matumaini. Nikatoka mlangoni nikaandika ujumbe kwa mpwa wetu Naïma, ambaye ndiye humsomea mama simu: "Wifi imekufa tangu asubuhi. Mwambieni mama avumilie, tunahangaika."

Wanaojua Kiswahili chetu wameshaelewa. Mimi na Nuru tunaitana wifi tangu siku ya ndoa yao. Buyenzi nzima inajua wifi wa Aïcha ni nani. Na Buyenzi hatutofautishi sana kati ya "imekufa" na "amekufa".

Simu ikalia kabla sijageuka. Nyuma ya sauti ya Naïma nilisikia wanawake wameshaanza kulia.

"Shangazi, amekufa saa ngapi? Mbona mnatuandikia tu kama watu wa nje?"

"Nani amekufa?"

"Si ni wifi yako, Nuru."

Nikamwita Nuru. Akaja mpaka kwenye pazia la duka, amejifunika shuka, nikamsogezea simu.

"Naïma, ni mimi."

"Mimi nani?"

"Marehemu."

"Astaghfirullah, shangazi Nuru."

"Mwambie huyo anayelia nyuma apunguze, namsikia mpaka huku. Iliyokufa ni intaneti. Aïcha hajui kuandika."

Nilicheka mpaka nikashika rafu ya sabuni. Nuru naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba, kisha akaziba mdomo kwa shuka kama aliyeiba kitu. Mama akachukua simu. Yeye hakucheka.

"Nuru, mwanangu, usife kabla yangu. Nimechoka kuzika kwa simu."

"Sifi, mama."

Hapo Nuru alirudi chumbani. Alianza kufuata waya kwa mkono, kutoka nyuma ya modem, kando ya ukuta, kama mtu anayetafuta mshono uliofumuka. Modem ilikuwa sakafuni. Zamani ilikaa kwenye kabati, lakini siku ya matanga tulilipeleka kabati uani ili tutandike mikeka, na watu wakaingiza friji kubwa ya nyama ya wageni. Hakuna aliyekumbuka kulirudisha kabati, na modem ikabaki chini. Mkono wa Nuru ukafika kwenye friji, ukakwama.

"Sukuma," akaniambia.

Wanawake wawili waliopita miaka hamsini. Tulisukuma kwa bismillahi, tukapumzika, tukasukuma tena. Mguu wa friji ulikuwa umeukalia waya ule mnene unaotoka ukutani. Ngozi yake ilikuwa imepasuka, na ndani ulikuwa umebonyea kama mrija uliotafunwa. Kila injini ya friji ilipowaka na kutetemeka, intaneti ilikata. Nuru akaweka kalenda chini.

"Tulikuwa tunawapikia watu wake," akasema. "Na tukamkalia waya wake."

Waya mwingine ulikuwepo, kwenye kopo la Kadiri, juu ya rafu ya duka. Tangu afe halikufunguliwa. Nuru alilishusha, akaliweka mapajani, akalifungua. Ndani kila waya ulikuwa umekunjwa na kufungwa kwa kipande cha kitenge, mabaki ya dukani, na kwenye kila kipande Kadiri ameandika kwa kalamu: wa televisheni, wa simu ya mama, wa ukutani. Nikamwuliza kama nifungue mimi. Akatikisa kichwa. Alifungua kitambaa cha waya wa ukutani, akakiweka kifuani ndani ya nguo, akakaza vichwa vya waya pande zote mbili kwa vidole mpaka vikagoma. Tukarudisha kabati, modem tukaiweka juu, wazi, bila kuifunika kitambaa. Jioni nzima haikukata. Nuru aliitazama kama mtu anayetazama mgonjwa aliyeshusha homa, haamini bado.

Jumapili baada ya alasiri, mwalimu Jamal wa msikiti wetu aligawa juzuu thelathini kwa waliokuwepo. Mama alikuwa kwenye skrini, amevaa mtandio mweupe, nyuma yake jamaa wamejaa ukumbini. Ikasomwa yote. Ikaja dua. Mama alinyanyua mikono pamoja nasi, akajipangusa uso pamoja nasi, na picha ilikuwa safi kiasi cha kuona machozi yanapopita. Mwalimu akaaga, watu wakatoka. Mama hakutoka.

"Nuru, sogea."

Akasogea.

"Mbona shingo imekuwa hivyo?"

"Ni kamera, mama."

"Kamera ya siku zote ndiyo ilikuwa inasema uongo. Ya leo inaona. Unakula?"

"Nakula."

"Jana ulikula nini?"

Nuru akavuta shuka, akafunika shingo. Nikatazama juu ya kabati. Taa zote zilikuwa zimetulia, na nakiri kwamba wakati ule nilitamani moja ipepese. Nadhani na yeye alitamani. Siku arobaini alimwambia mama yuko sawa, kwa sauti inayokatika, kwa picha yenye ukungu, na mama alikuwa akipokea.

"Aïcha," mama akasema, "mpe sahani. Mimi sina safari."

Nikampakulia pilau, kidogo. Mama akasema ongeza. Nuru akala taratibu, uso chini, mbele ya skrini, na mama akikaa kule na tasbihi yake. Ilichukua karibu saa nzima. Mara mbili Nuru alisimamisha mkono, na mara mbili mama akasema, "Ninakuona."