Fundi Kioo Ajichagulia Gari

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kioo, na jina alilopewa na mama yake hakuna aliyelikumbuka, pengine hata mama mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kupaka magari rangi. Hakuwa fundi wa kubahatisha, wale wanaokuachia mlango wa bluu na madigadi ya bluu, ukiuliza mbona bluu hizi mbili zinatazamana kama mtu na wifi yake, wanakwambia ni jua. Huyu ungemletea gari lililopondeka kama kopo, na siku ya kulichukua ungeapa si lako.

Wateja wake wakubwa kwa miaka kumi na tisa walikuwa watu wa klabu ya mbio. Ni watu wenye kazi zao za maana, meno, mahakama, majengo, ambao Jumamosi moja ya kila mwezi hupeleka magari kwenye uwanja wa lami nje ya mji, huzunguka mpaka matairi yafuke moshi, na Jumatatu humletea fundi kilichobaki. Yeye hupiga magoti kando ya mlango na msasa wake. Wao husimama juu ya kichwa chake wakisimulia kona.

"Kona ya tatu, fundi, ukiwahi kuachia breki, unasikia roho inatangulia."

"Eeh," fundi huitikia, pua imejaa vumbi.

Alizijua kona zote saba na hakuwahi kuiona hata moja. Siku moja, sijui ni harufu ya tina ya kuzimulia rangi au ni uzee, mdomo ukamponyoka: "Na mimi nitakuja kukimbiza."

Daktari wa meno alicheka mpaka akajishikiza kwenye gari lenye rangi mbichi. "Fundi, kila mtu na upande wake. Wewe paka, sisi tupasue."

Alama za vidole vya daktari zilisuguliwa zikatoka. Yale maneno hayakusugulika. Tangu siku hiyo fundi alitaka kitu kimoja tu duniani: asubuhi moja uwanjani, helmeti kichwani, aitwe dereva na watu waliozoea kuona kisogo chake. Uwanja ulikuwa na siku ya wazi, ambapo yeyote mwenye gari linalopita ukaguzi huruhusiwa kuingia. Akajiandikisha. Akapewa namba thelathini na nne. Kilichobaki ni gari tu, kitu kidogo.

"Miaka hamsini na miwili," mkewe alisema, "unataka kwenda kuzunguka pale pale ulipoanzia. Mbuzi akifungwa kwenye kigingi anafanya hivyo bure."

Mshauri wake akawa shemeji yake, mdogo wa mkewe, karani wa shule aliyeyajua magari yote ya dunia kwa kuyasoma kwenye simu na hakuwa na hata baiskeli.

"Shemeji, usinunue nguvu, nunua wepesi," alisema. "Gari dogo, milango miwili, linalosukumwa na matairi ya nyuma, injini ya kawaida ambayo spea zake zipo kila duka. Na usimalizie pesa kwenye gari. Bakisha za matairi na pedi za breki, maana kule zinaliwa kama karanga."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa shemeji kusema jambo la maana, kwa hiyo hakuna aliyemsikiliza.

Gari la kwanza lilikuwa jekundu, nyuma lina bawa ambalo ungeanikia nguo za familia nzima na majirani. Lilipowashwa likakohoa moshi wa bluu. Fundi hakujali moshi. Alipiga mlango kwa kifundo cha kidole, ukajibu kof, kama ndoo iliyojaa mchanga. "Limejaa udongo wa kuzibia," alisema, akaondoka bila kuaga.

La pili lilikuwa la mwalimu mstaafu wa fizikia. Rangi yake ilikuwa imekufa, imebanduka juu ya paa kama ngozi ya mgonjwa, na mlango ulikuwa na bonde alilolitia mwenyewe kwa geti lake. Mwalimu alilitangaza gari kwa kulisengenya. Akataja kila ubovu, akaonyesha daftari la tarehe za kubadilisha oili, akalipandisha jeki ili waone chini kulivyonyooka. Breki zilikuwa mpya.

"Shemeji, hili ndilo," karani alinong'ona, macho yamemtoka.

Fundi alilizunguka kama mtu aliyeandaliwa chakula kwenye sahani chafu. "Niingie uwanjani na hili? Fundi Kioo na gari lenye ukurutu?"

"Rangi haikati kona, ndugu yangu," mwalimu alisema kwa upole.

Kumwambia hivyo Fundi Kioo ni kama kumwambia mshonaji kwamba watu huzaliwa uchi. Ni kweli, ila si ya kusemwa mbele yake. Akaingia barabarani bila kugeuka.

La tatu walilikuta kwenye yadi ya magari, bluu iliyokolea, milango miwili. Fundi alipitisha mgongo wa mkono wake ubavuni, taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa. Akagonga, likaitika vizuri. Akatoa sumaku aliyoifunga kitambaa, ikanata kila mahali, bati tupu, hakuna udongo. Akachuchumaa na kufumba jicho moja, akapima nafasi za milango. Zilikuwa sawasawa juu mpaka chini.

"Hili halijawahi kuguswa," alisema, na sauti ilikuwa na machozi kidogo. "Aliyelipaka huko kiwandani alikuwa na mkono."

"Baba unajua magari," muuzaji alikubali, upesi kuliko inavyofaa.

"Shemeji, tufunue basi zulia la buti. Tuingie chini."

"Usinitie aibu. Mimi nikishika nimeshika."

Uzuri wa mkakasi, walisema wa zamani, lakini wao hawakuwa na sumaku.

Jumamosi ya siku ya wazi alipanga foleni na wenzake, namba thelathini na nne imebandikwa mlangoni. Daktari wa meno alimwona, akaja na glovu zake.

"Fundi! Umemletea nani gari?"

"Langu."

Daktari alifungua kinywa chake chenye meno ya bei kubwa, akakifunga. Fundi angekufa dakika ile, angekufa tajiri.

Kisha ikafika zamu yake. Mkaguzi alikuwa mama mfupi mwenye ovaroli na tochi, na sheria yake haikubembelezwa: kila gari hupandishwa jeki, kila zulia hutolewa. Aliingia chini, akagonga gonga, akatoka. Akaenda kwenye buti, akang'oa zulia, akainama kwa muda mrefu.

"Baba," alisema, "ulinunua gari au nusu mbili za magari?"

"Unasemaje, mama?"

"Mbele ni gari lingine, nyuma lingine. Yamechomelewa hapa. Ukifika kona ya tatu wewe utapinda, makalio yako yatanyoosha."

Foleni nzima ilicheka. "Haiwezekani," fundi alisema. " Nimelishika kila mahali. Halijaguswa!"

"Umeshika ngozi. Na aliyelipaka alijua watu kama wewe mnashika wapi. Tazama, kaacha hata vipimo vyake."

Alimulika. Kando ya mshono kulikuwa na maandishi ya penseli, kama mafundi wa rangi wanavyojiandikia mchanganyiko kwenye bati litakalofunikwa. Shemeji, msomaji wa kila kitu, alisoma kwa sauti: "Bluu nane, nyeusi mbili, fedha tone moja. Koroga taratibu, mjinga wewe."

Akageuka.

"Shemeji. Huu si mwandiko wako?"

Ndipo fundi akakumbuka. Miaka sita iliyopita bosi wa gereji anakofanyia kazi alileta gari lisilo na namba, tayari limechomelewa. "Paka, usiulize." Hakuuliza. Alikesha nalo siku nne, akalipitishia sumaku yeye mwenyewe mpaka akaridhika kwamba hakuna jicho litakalomkamata, hata la fundi.

"Jamani!" daktari wa meno alipiga kelele, glovu zikipiga makofi. "Fundi kajipaka mwenyewe!"

"Mama, mzunguko mmoja tu," fundi alisema. "Nitakwenda polepole."

"Polepole nenda kwa miguu, baba. Geti liko wazi." Mama alibandua namba thelathini na nne mlangoni, akaikunja, akaitia mfukoni. "Na hili litarudi juu ya lori. Anayefuata!"

Fundi alikaa nje ya uzio, juu ya matairi chakavu, helmeti bado kichwani. Magari yalianza. Kona ya tatu aliiona kwa mara ya kwanza, ilikuwa ndogo kuliko alivyosimuliwa.

Mwanasheria mmoja wa klabu alikuja akachuchumaa karibu yake, akashusha sauti.

"Fundi, kumbe mkono wako unakudanganya hata wewe? Sikiliza. Langu lilibingirika mwezi uliopita. Nataka kuliuza kabla habari hazijaenea. Mnunuzi hana haja ya kujua."

Nyuma yake daktari wa meno alikuwa amesimama, hacheki tena, anasubiri zamu yake ya kusema na fundi.

"Shemeji, mwambie hapana," karani alisema. "Mwambie hapana, twende zetu."

Fundi Kioo aliivua helmeti, akampa shemeji yake aishike.

"Limeumia wapi," aliuliza, "mbele au nyuma?"