Kakao ya Kumalizia Keki

Buhongwa nzima hakuna anayenishinda kwa keki ya jibini ya chokoleti, na hilo nitalisema hata baada ya aibu ya Jumapili. Wanakwaya wenzangu walikuja kwangu kula. Nilikuwa na mafua, sisikii harufu yoyote. Nikachukua kopo la kakao dirishani, nikainyunyizia keki bila ubahili.

"Kuleni, jamani!"

Mwalimu wa kwaya akauma kipande, akapiga chafya mfululizo. Wengine wakafuata.

"Chokoleti halisi ni kali," nikawaelimisha. "Hamjazoea tu."

Ndipo mama mkwe wangu, aliyefika juzi kutoka Nansio, akatokea mlangoni.

"Mwanangu, ugoro wangu niliouweka kwenye kopo la kakao, umeuona?"