Hema Mbele ya Nyumba

Juzi muuzaji alinitandazia hema jepesi la familia, nikalinusa kabla hata sijauliza uzito. Lilinuka plastiki mpya, kama lile la baba.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tunaishi ughaibuni, mtaa wa Akalla. Mchana mmoja wa jua, baba alitaka kulijaribu kwenye nyasi chini ya ghorofa letu. Mama alikataa.

"Kwetu hema likisimama mbele ya nyumba, kuna msiba. Lipelekeni msituni."

Nililia mpaka baba akanihurumia, akalisimamisha.

Nilikuwa ndani yake, nikisikiliza nyuki wakigonga kitambaa, niliposikia simu ikilia kwetu juu. Kisha mama akapiga nduru. Nyanya alikuwa amefariki Kisumu. Niling'oa vigingi kwa mikono, nikidhani nikiliangusha upesi, nyanya atarudi.

Sasa najua alikuwa amefariki tangu alfajiri, hema likiwa bado kwenye mfuko wake.

Mama bado anaishi Akalla, na siku hizi anaumwa. Tulipotoka dukani, binti yangu alisema, "Twende tukalijaribu pale nje kwa nyanya."

Nikamwambia tutaenda msituni, pale kwa nyanya kuna upepo mwingi.

Siku hiyo hata jani halikutikisika.