Vidole vya Bi Joan

Cheka ukitaka, msomaji, maana hata mama bado hajanisamehe.

Tangu tufike Kilburn, huku ughaibuni, kutoka Unguja, nimekuwa mpenzi wa tamthilia ya hospitali kwenye televisheni. Shule niliishia la saba, lakini tamthilia ile ilinifanya nijione nusu daktari. Juzi mgonjwa aliugua ini, vidole vikageuka manjano. Televisheni yetu haina rangi, kwa hiyo manjano yenyewe niliyabuni kichwani.

Kesho yake Bi Joan, mke wa mwenye nyumba, akanipa chai. Vidole vyake vilikuwa vya manjano mpaka kwenye kucha. Moyo ukaniuma, kwa jinsi bibi huyu anavyotupenda. Nikakimbia kumwita daktari wa mtaani, nikampitia na mumewe kazini. Huyo mumewe, Bwana Fred, ndiye aliyetuonya kwamba akisikia harufu ya mchuzi nyumbani kwake, tutahama.

Daktari akamtazama Bi Joan macho, kisha akamnusa vidole. "Umekula nini, bibi?"

Bi Joan akaificha mikono nyuma. Mama yangu, aliyesimama kando yangu, akanifinya.

"Sema tu, Bi Joan," nikamhimiza, machozi yakinilenga. "Ini si kitu cha kuficha."

"Mchuzi wa samaki wenye binzari ya manjano," akasema taratibu. "Mama yako hunipikia mchana, tukishafungua madirisha yote. Amenifundisha kula kwa mkono."

Bwana Fred akamwinamia mkewe, akanusa vidole vile kwa muda mrefu.

"Na mimi," akauliza, "viazi vya kuchemsha kila jioni ni vya nini?"